Hatua ya Kumi na Mbili

Hatua ya kumi na mbili ilipotua, goti la kushoto lilimlia kama bawaba iliyokosa mafuta. Mzee Chokaa alisimama papo hapo, akashusha pumzi, akainamisha kopo na kuiacha chokaa imwagike mpaka ikawa nukta nyeupe yenye ukubwa wa kisahani cha chai. Akaisawazisha kwa kiganja. Nukta ya penalti huwa ya mwisho. Ikishakaa hiyo, uwanja umekamilika.

"Umebakiza nini?" sauti iliuliza nyuma yake.

"Kunawa mikono."

Aliyeuliza alikuwa Katibu wa ofisi ya michezo, bwana mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, mwavuli mkononi na daftari kwapani. Aliutazama uwanja kutoka goli la upande wa matangi ya maji mpaka goli hili la upande wa shule, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzee wangu, leo usiondoke mapema. Kaa uitazame mechi. Wakubwa ofisini wanataka kujua uwanja unakaaje ukichezewa." Akakohoa kidogo. "Kuna kampuni imeleta barua. Wana mashine ya magurudumu, inachora na kupima yenyewe. Mimi nimewaambia tuna mtu wetu. Uwanja usipokuwa na kasoro leo, msimu ujao unaendelea. Ukiwa na kasoro..."

"Nitapumzika."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema kwa adabu, ndiyo maana hukujisikia."

Katibu akacheka, naye Mzee Chokaa akacheka, lakini alipoinama kuokota vigingi vyake mikono ilikuwa mizito kidogo.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiuchora uwanja huu, na hakuna siku aliyongoja kipyenga. Alichora, akanawa, akaenda nyumbani kulala. Akiulizwa, husema kwamba aliyetandika kitanda hakai kungoja aone nani atalala. Mistari mirefu aliinyoosha kwa kamba na vigingi viwili. Maboksi aliyapima kwa kamba hiyo hiyo, yenye mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Nukta ya penalti tu ndiyo aliyoipima kwa miguu: hatua kumi na mbili kutoka mstari wa goli. Zamani, fundi mmoja wa ujenzi aliwahi kuja na futi kamba kuhakikisha. Alipima mara tatu, akaikunja futi kamba yake, akaenda zake bila kuaga. Tangu siku hiyo Mzee Chokaa aliwaambia watu kuwa miguu yake imesoma.

Asubuhi ya leo mkewe alimfunga bendeji kwenye goti huku akinung'unika.

"Chukua fimbo, mume wangu."

"Fimbo inatoboa nyasi."

"Na goti likitoboka je?"

"Goti halichezewi mpira."

"Haya," mkewe alisema, akakaza fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ukirudi unachechemea usiniite."

Alasiri hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao kandokando ya mstari, mikono yake safi imetulia mapajani, hajui aifanyie nini. Ilikuwa mechi ya wanawake ya daraja la tatu, ya mwisho wa msimu. Atakayeshinda hapandi, atakayefungwa hashuki. Watazamaji hawakufika thelathini, ukimhesabu na yule aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi. Waliovaa bluu walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Waliovaa manjano walikuwa wauza mboga wa sokoni.

Mwanamke mnene mwenye mfuko wa machungwa akaja kukaa pembeni yake, benchi likalalamika.

"Shikamoo, mzee mwenzangu, au tuamkiane sawa?"

"Tuamkiane sawa. Hujambo?"

"Sijambo. Umemwona kipa wa bluu? Yule mrefu. Ni mke wa mwanangu." Akamenya chungwa bila kulitazama. "Nyumbani sahani zinamponyoka kila siku, ameniacha na vikombe viwili. Nimekuja nione kama na mpira unamponyoka hivyo hivyo. Wewe uko upande gani?"

"Mimi niko kwenye mstari."

"Mstarini hapakaliki. Chagua."

"Nimeuchora mimi. Nikichagua upande, watasema nimeupinda."

Mama mkwe akamtazama upya, kuanzia viatu vyake vyeupe kwa chokaa mpaka kofia. "Basi kula chungwa," alisema, na suala hilo likaishia hapo kwa muda.

Mwamuzi, mwanamke mwembamba mwenye saa mbili, moja kila mkono, akapuliza kipyenga.

Mzee Chokaa hakutarajia kufurahi. Alidhani atakaa kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini. Lakini dakika ya tano, winga wa manjano alikimbia na mpira pembezoni kabisa, kwenye ule mstari mrefu aliounyoosha alfajiri umande ukiwa bado kwenye nyasi. Msichana yule aliufuata mstari kama mtu anayefuata njia ya kwao. Mpira ukayumba, ukataka kutoka, akausimamisha kwa unyayo, nusu ndani, nusu nje. Mshika kibendera akainama, akautazama mstari, akauamini. Kibendera hakikuinuka. Mchezo ukaendelea.

Mzee Chokaa aligundua kwamba amesimama.

"Umeona?" alimwambia mama mkwe. "Ameutazama, basi. Hakuuliza mtu."

"Ameutazama nini?"

"Mstari!"

"Wewe mzee," mama mkwe alisema, "watu wanatazama mpira, wewe unatazama chini kama aliyepoteza sindano."

Ni kweli. Aliwatazama ishirini na wawili wale wakiishi ndani ya michoro yake. Walipopiga kona waliuweka mpira kwenye kile kirobo cha duara alichokuwa akikilaani kila wiki kwa sababu kinaumiza mgongo, nao waliuweka kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai. Mpira ulipodunda juu ya chokaa, moshi mdogo mweupe uliruka. Miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuuona moshi ule.

Dakika ya thelathini manjano walipata goli. Mfungaji alikuwa mshambuliaji mfupi waliyemwita Kitunguu, kwa sababu, mama mkwe alieleza kwa uchungu, akikukata chenga lazima utoke machozi. Watu wa sokoni wakapiga sufuria. Aliyelala akageuka upande wa pili.

Wakati wa mapumziko timu zilibadilishana magoli, na mama mkwe akasimama na mfuko wake.

"Mke wa mwanangu anahamia goli la shule. Twende huko. Usibaki hapa peke yako kama kandambili ya mguu mmoja."

Mzee Chokaa akasukuma toroli lake, lenye ndoo, kopo, kamba na vigingi, mpaka usawa wa boksi la upande wa shule. Mama mkwe alikaa kwenye kreti la soda, yeye akakaa kwenye ukingo wa toroli. Hapo, kwa mara ya kwanza, alilitazama boksi lake kutoka ubavuni.

Kitu hakikuwa sawa.

Mstari wa boksi dogo unatakiwa kukaa katikati kabisa, kati ya mstari wa goli na nukta ya penalti, kama kisu kinachokata mkate wa watoto wawili wanaotazamana. Hapa haukuwa katikati. Nukta ilikuwa imelisogelea boksi dogo kama mtoto anayeogopa mvua. Akageuza kichwa kuelekea matangi. Kule mbali, kila kitu kilikaa mahali pake.

Akahesabu kimoyomoyo. Asubuhi alianzia upande wa matangi, goti likiwa bado limepumzika. Hatua kumi na mbili. Kisha akasukuma toroli saa mbili nzima, akainama, akainuka, na alipofika upande wa shule goti lilikuwa limevimba ndani ya bendeji. Hatua kumi na mbili huku pia. Hesabu ilikuwa ile ile. Hatua ndizo zilizopungua, naye hakuzisikia zikipungua.

Mita nzima na zaidi.

Akamtafuta Katibu kwa macho, akamwona amesimama katikati ya uwanja chini ya mwavuli wake, akiandika. Katibu alipomwona, aliinua dole gumba na kutabasamu. Hakuwa ameona kitu. Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Ilibaki dakika arobaini na tano, na penalti, Mzee Chokaa alijiambia, hazitokei kila mechi. Wakati mwingine hupita mwezi mzima bila penalti.

Ilikuwa dakika arobaini na tano ndefu kuliko zote alizowahi kuziishi. Kila mpira ulipoingia boksi la shule, alisimama.

"Toeni! Toeni huo mpira! Msimguse! Msimguse jamani!"

Mama mkwe alimgeukia, macho yanang'aa. "Ahaa! Kumbe uko kwetu!"

"Siko kwenu."

"Unapiga kelele kunishinda, halafu huko kwetu? Usione haya, baba. Kula chungwa."

Bluu walisawazisha dakika ya sitini na tano, kwa kichwa, kule upande wa matangi, na mama mkwe alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Hakupata nafasi ya kuiokota. Kitunguu alikuwa ameshapata mpira tena, anakuja, kifupi, kimeinama, kinapita kati ya watu kama maji chini ya mlango.

"Mwacheni apige! Mwacheni apige kwa mbali!" alilia Mzee Chokaa.

"Wewe ni mzee wa ajabu sana," alisema mama mkwe.

Dakika ya themanini na sita, beki wa bluu alichelewa. Mguu wake uliupita mpira ukakutana na wa Kitunguu, na Kitunguu akaanguka kifudifudi ndani ya boksi, vumbi likapanda. Kipyenga. Mwamuzi alinyoosha mkono na kidole kikaelekea chini, kwenye kile kisahani cheupe.

Sufuria za watu wa sokoni zililia. Mama mkwe alifunika uso kwa kanga yake na kuanza kusali.

Mzee Chokaa hakusikia hata moja. Alikuwa akimtazama Katibu akija taratibu kandokando ya mstari ili aione penalti vizuri, daftari limefunguka. Angeweza kukaa. Penalti ni sekunde tatu. Chokaa ikishakanyagwa, nani atakumbuka ilikaa wapi? Jumatatu mtu angepiga muhuri kwenye barua yake ya kazi, na msimu ujao angechukua fimbo, hata kama inatoboa nyasi, na asingekosea tena.

Kisha akamwona kipa. Yule dada mrefu alifuta glavu zake kwenye kaptula, akaitazama nukta mara moja tu, akarudi nyuma mpaka visigino vikagusa mstari wa goli, akainama, akasubiri. Hakuuliza neno. Aliiamini nukta, kama mshika kibendera alivyouamini mstari.

"Mwamuzi!" Mzee Chokaa alikuwa ameshasimama. "Mwamuzi, subiri!"

Aliingia uwanjani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mpira ukiwa unachezwa. Alipofika kwenye mstari aliinua mguu juu asiukanyage.

"Mzee, rudi nje," mwamuzi alisema, si kwa ukali. "Tutaumaliza mchezo sasa hivi."

"Mwanangu, nukta hiyo si sahihi. Nimeiweka karibu."

Mwamuzi akaitazama nukta, akalitazama goli. "Mbona mimi naiona sawa?"

"Unaiona sawa kwa sababu ni nyeupe. Mimi ndiye niliyeiweka. Nimekosea kwa hatua moja na zaidi."

Kitunguu, aliyekuwa ameshauweka mpira, alijishika kichwa. "Babu! Si ungenyamaza dakika mbili tu? Mbili!"

Wachezaji wakacheka, hata wa timu yake. Kipa hakucheka. "Hatua moja na zaidi?" alisema. "Hiyo ni penalti au nipewe mpira mkononi?"

"Wewe nyamaza," Kitunguu alimjibu, "jana umenunua mchicha kwangu nikakuongeza fungu."

"Na ulikuwa umenyauka!"

"Dada zangu," mwamuzi alisema, akitazama saa ya kushoto, kisha ya kulia kana kwamba hiyo nyingine itakuwa na huruma zaidi. "Mzee, unaweza kuirekebisha?"

"Kwa miguu, hapana," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kumtoka, na hayakuuma kama alivyodhani. "Nipeni kamba yangu pale kwenye toroli. Na watu wawili."

Ilikuwa njia aliyofundishwa na mtu aliyemrithisha kazi, kabla miguu yake haijasoma. Alimpa kipa ncha moja ya kamba, akamwambia aishike chini ya nguzo ya kushoto. Akampa Kitunguu upande wa pili wa kamba, aivute mpaka nguzo ya kulia. Hapo kamba ilipogusa nguzo akafunga uzi mwekundu uliotoka kwenye bendeji ya goti lake.

"Upana wa goli," alisema. "Sasa ikunjeni hiyo katikati, mnipe nusu. Goli moja na nusu. Ndiyo umbali wake."

"Goli moja na nusu?" Kitunguu alisema. "Miaka sita napiga penalti, sijui!"

"Huzifungi ndiyo maana," kipa alisema.

Waliivuta kamba kutoka katikati ya goli, wawili hao wa rangi mbili, mmoja amepiga goti kwenye mstari na mwingine akirudi kinyumenyume, wakigombana kama kamba imekaza au haijakaza. Mzee Chokaa aliifuta nukta ya zamani kwa unyayo na kuirushia udongo. Watazamaji walisogea mpaka mstarini. Hata yule aliyelala alikuwa ameinuka kwa viwiko. Mwisho wa kipimo ulipotua, alipiga magoti kwa shida, Kitunguu akamshika mkono bila kuombwa, na kwa vidole vyake akaweka chokaa nyingine, polepole, ikawa duara.

Alitoka uwanjani akiinua mguu juu ya mstari kama alivyoingia.

Katibu alikuwa amesimama karibu na toroli. Hawakutazamana.

Kitunguu akarudi nyuma hatua nne, akakimbia, akapiga. Moshi mdogo mweupe uliruka chini ya mguu wake. Mpira ulikwenda chini, kushoto, na yule dada mrefu akajirusha mpaka akawa mstari mwingine juu ya nyasi. Vidole viliugusa kidogo tu. Ukagonga nguzo, ukarudi, na beki wa bluu akaupiga mbali mpaka ukavuka ukuta wa shule.

"Leo haoshi vyombo!" mama mkwe alipiga yowe, machungwa yakatawanyika. "Nasema haoshi! Nitaosha mimi, na vikombe nitanunua!"

Mpira uliporudishwa kutoka shuleni zilibaki dakika mbili, na mchezo ukaisha kwa sare, goli moja kwa moja.

Kitunguu alipita karibu na toroli akiwa amevua viatu, soksi zikiwa zimejaa udongo. Alisimama mbele ya Mzee Chokaa, mikono kiunoni.

"Umeninyima goli, babu."

"Nimekunyima hatua moja na nusu. Goli umejinyima mwenyewe."

Akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Nifundishe hiyo ya kamba vizuri. Msimu ujao nitaipima kwanza ndiyo nipige." Akaenda zake akimwita kipa kwa sauti, akimuuliza kama mchicha bado anautaka au hapana.

Katibu alingoja mpaka watu wapungue. Alikuwa amelifunga daftari na kidole kimebaki ndani, kwenye ukurasa.

"Nimeandika, mzee wangu. Nukta ya upande wa shule haikuwa sahihi. Lazima niandike."

"Andika."

"Nimeandika na dakika. Themanini na sita, kasoro imetajwa. Themanini na tisa, kasoro imeondoka." Aliutazama uwanja, kisha akaitazama kamba iliyokunjwa ndani ya toroli. "Na aliyeitaja nimemwandika. Sijui wakubwa watasemaje."

"Watasema watakavyosema."

"Jumatatu njoo ofisini," Katibu alisema. "Njoo na hiyo kamba." Akafungua mwavuli wake ingawa jua lilikuwa limeshalegea, akaenda kumngoja kwenye geti.

Mzee Chokaa alibaki peke yake upande wa shule. Goti lilikuwa linapwita, na alijua mkewe ataliona kabla hajafika mlangoni, na atamwita, na atamcheka, na maji ya moto yatakuwa tayari. Badala ya kusukuma toroli, alikwenda kusimama kwenye mstari wa goli, visigino vimegusa chokaa kama alivyosimama kipa.

Akaanza kutembea.

"Kumi na mbili," alisema kwa sauti alipofika, na chini ya mguu wake palikuwa na udongo uliorushwa, na weupe kidogo uliokataa kufutika. Akapumua. "Kumi na tatu." Akavuta mguu wa kushoto taratibu. "Kumi na nne."

Unyayo ulitua katikati ya nukta.

Alisimama hapo kidogo, akiirudia ile namba mpya mdomoni kama mtu anayejifunza jina la mgeni. Kisha akalishika toroli na kuelekea getini, na kila mguu wa kushoto ulipokanyaga uliacha alama nyeupe kwenye nyasi, fupi, zilizokaribiana, mpaka kwenye mstari wa nje, ambao aliuvuka akiwa ameinua mguu.